Ramadhani Bila Deni

Jumamosi, 3 Januari

Kidonge cha foliki baada ya chai, kama jana. Ni kidogo, cha manjano, hakina ladha. Nakimeza kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Sentensi hiyo nimekuwa nayo asubuhi nzima na bado sijaizoea.

Mvua imenyesha usiku. Uwanja wetu hapa Miyuji ni tope tupu. Idrisa ameondoka mapema kwenda dukani kwake Nkuhungu. Mvua ikinyesha watu hukumbuka mabati.

Tumekubaliana. Hapakuwa na mazungumzo marefu. Tulikuwa tunakunja nguo, mume wangu akauliza kama naona wakati wa mtoto umefika, nikasema nadhani. Mimi na "nadhani" zangu. Yeye akaendelea kukunja shuka, lakini aliikunja vibaya, akairudia mara mbili.

Kijiti cha uzazi wa mpango kinatolewa Jumatatu. Kiko chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko. Niliwekewa mwaka tuliooana, nilipokuwa naanza shahada ya pili. Mama hajui. Hakuna aliyemficha, ila hakuna aliyemwambia pia.

Baada ya kijiti hedhi ilikoma. Waliniambia hutokea kwa baadhi ya wanawake. Sikusikitika. Kazi yangu ni kutafuta maji chini ya ardhi. Nashinda porini na wanaume na vyombo vya kupimia, na choo ni kichaka. Kukoma kwa hedhi kulikuwa likizo. Tena Ramadhani tatu mfululizo nimefunga mwezi mzima, bila kuacha siku, bila deni la kulipa baadaye. Nilijivunia jambo hilo kidogo. Labda si kidogo.

Ikirudi, sijui nitaipokeaje. Kama mgeni au kama mwenye nyumba.


Jumatatu, 5 Januari

Hakikupatikana.

Naandika tena ili niamini. Kijiti hakikupatikana.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mchangamfu. Alinilaza, akapapasa mkono. Akapapasa tena, polepole. Akamwita mwenzake.

"Dada, una hakika ni wa kushoto?" aliuliza mwenzake.

"Nina hakika."

"Watu husahau." Akapapasa na wa kulia, ajiridhishe.

"Umeongezeka mwili tangu uwekewe?"

"Kidogo."

"Ndoa imekukubali," akasema yule wa kwanza. Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, nimelala chali, mkono juu ya kichwa kama mtu aliyekamatwa.

Kisha hawakucheka tena. Walisema hawawezi kuchana mahali wasipohisi kitu. Ni sahihi. Ningekuwa mimi ningesema vivyo hivyo. Nimeandikiwa altrasaundi.

Nimeogopa. Mitaani husemwa kwamba vitu hivi hutembea mwilini, hufika hata moyoni. Nilimuuliza muuguzi. Alisema havifiki kirahisi hivyo. Nimetoka pale na neno moja tu: kirahisi.


Jumanne, 6 Januari

Nimejipapasa siku nzima. Kazini, chini ya meza. Nyumbani, nikisubiri maji yachemke. Nyama, mfupa, basi.

Idrisa naye alijaribu, kwa vidole vinavyotambua unene wa waya gizani. Akasema, "Labda kimechoka kutusubiri, kimeondoka chenyewe." Nilicheka. Baadaye sikucheka.

Miaka yote hii nilikuwa na hakika kuwa kipo. Lakini sijakigusa tangu kidonda kilipopona. Niliambiwa kipo, nikaamini, nikajenga juu yake kila kitu. Kama hakipo, kama kilitoka au hakikuwahi kuingia vizuri, basi ni jambo jingine lililoikomesha hedhi yangu. Jambo ambalo halitolewi kwa wembe wa daktari.

Sikumwambia Idrisa hili.


Alhamisi, 8 Januari

Kipo.

Nataka kuandika kwa utaratibu, kwa sababu nimeona kitu ambacho sikukitarajia.

Mtaalamu wa kipimo ni mwanamke wa rika langu. Alinipaka ute wa baridi mkononi, akaugeuza mtambo ili nami nione. Picha za namna hii ndizo kazi yangu, ingawa zangu ni za ardhi. Tunapeleka umeme udongoni, tunachora tabaka, lipi linapitisha, lipi linazuia. Kisha napigilia kigingi na kusema chimbeni hapa. Nimekosea zaidi ya mara moja. Huko Bahi walichimba nilipoonyesha mimi, yakatoka maji ya chumvi ambayo hata ng'ombe waliyakataa. Kwa hiyo nilikitazama kioo kile kwa mashaka ya kitaalamu.

Mkono wangu una tabaka. Ngozi, mafuta, utando mweupe mwembamba kama uzi, kisha msuli wenye mistari kama mchanga ulioachwa na maji. Katikati ya hayo, duara jeusi likifumba na kufumbua. Mshipa. Nilimuuliza kama ni wangu. Swali la kipumbavu. Alisema, "Wa nani mwingine, dada?"

Unadunda hivyo tangu kabla sijazaliwa. Haukuwahi kuniomba ruhusa. Niliposoma, nilipolala, nilipokuwa na hakika, nilipokuwa na shaka. Nilihisi haya, kama mtu aliyeishi na mtumishi miaka thelathini bila kumjua jina.

"Kile pale," akasema. Sikuona. "Usikitafute chenyewe. Tafuta kivuli chake." Nukta moja inayong'aa, na chini yake ukanda mweusi ulionyooka. Kimezama chini ya utando, kimelala kando ya msuli.

Machozi yalinitoka. Sijui yalikuwa ya nini. Yeye alinipa karatasi ya kufutia ute, akajifanya ndiyo niliyoihitaji.


Jumatano, 14 Januari

Kimetoka. Ganzi, kisha kuvutwavutwa, kisha sauti ya daktari: "Huyu hapa mtoro."

Aliniwekea juu ya kitambaa nikione. Cheupe, laini, urefu wa njiti ya kiberiti. Nilikitazama mpaka akaniuliza kama najisikia vizuri.

Kitu hicho kiliuambia mwili wangu: si sasa. Mwezi baada ya mwezi, bila kelele. Nao ukatii. Sijui nistaajabie kipi. Kijiti kilichoamuru, au mwili ulioitika amri na huku ukaendelea kutunza kila kitu mahali pake, kama nyumba ambayo mwenyewe amesafiri na bado inafagiliwa. Kama kweli umetunza. Hilo bado sina ushahidi wake.

Niliomba nikichukue. Daktari akasema ni taka za hospitali. Sawa.

Jioni Idrisa alipika. Ugali wake ungeweza kujengea msingi. Tulikula wote.


Ijumaa, 23 Januari

Bahi, kupima visima. Mbuga imejaa.

Mwaka jana nilisimama palepale. Palikuwa na ardhi iliyopasuka, vumbi na mifupa ya ng'ombe. Leo ni maji mpaka macho yanapoishia, majaruba ya mpunga yamepandwa, vyura wanapiga kelele mchana. Na samaki. Wanawake wamepanga kambare kando ya barabara, wanene, bado wanapumua.

Nilimuuliza mwanamke mmoja wametoka wapi samaki hawa, mahali palipokuwa pakavu hivi. Mzee Yohana, dereva wetu, alikuwa ameinama juu ya beseni.

"Mhandisi, mimi nauliza bei," akasema, "wewe unauliza ukoo."

Yule mwanamke alicheka hadi akasahau bei. Mzee Yohana alinunua wanne, na gari limenuka hadi Dodoma.

Sitaki kuifanya mbuga iwe mwili wangu. Ni rahisi mno, na mambo rahisi mno ndiyo hunipotosha. Mbuga ni mbuga; ina udongo wake na sababu zake, na nyingine nazijua kwa majina. Lakini nilisimama ukingoni, nikasahau chombo nilichoshika, mpaka Mzee Yohana akapiga honi.


Jumapili, 8 Februari

Hakuna kitu.

Daktari alisema huweza kuchukua wiki, huweza kuchukua miezi. Nimepima mimba leo. Mstari mmoja. Si mimba, basi. Ni nini?

Ofisini wanawake wanalipa madeni ya Ramadhani iliyopita kabla mwezi haujaandama. Nusu ya idara hufunga, chumba cha chai kiko kimya. Ijumaa Asha wa uhasibu alinikuta na kikombe changu. "Tuacheni sisi wenye madeni," akawaambia wenzake. "Huyu malaika, yeye hadaiwi." Husema hivyo kila mwaka na kila mwaka hunichekesha. Safari hii nilienda chooni, nikakaa juu ya kifuniko, nikasubiri uso urudi kawaida.

Mama atakuja kama kawaida. Tangu Baba alipofariki, Ramadhani huifunga kwetu, mwezi mzima. Anasema Rehema, mdogo wangu, hajambo na tumbo lake. Ni mimba ya tano. Atajifungua baada ya masika.


Jumatano, 18 Februari

Mama amefika na basi la kutoka Kondoa. Unga wa uwele, asali, mlenda mkavu, kuku mmoja hai aliyesafiri chini ya kiti bila kulalamika. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku ameushika uso wangu kwa mikono yote miwili. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko miaka mingine. Nilidhani ni uzee.

Mwezi umeandama. Kesho tunafunga.

Kila mwaka nikishatia nia huomba niwezeshwe kuufunga mwezi wote bila kukatika. Leo nilifika mahali hapo katika dua, nikaparuka. Sikuliomba.


Jumamosi, 21 Februari

Sijui nianzie wapi. Nianzie na viazi.

Tulikuwa jikoni tunamenya viazi vya futari, Mama juu ya kigoda, mimi nimesimama. Hakuinua kichwa.

"Nimezungumza na mdogo wako," akasema.

"Kuhusu nini, Mama?"

"Huyu aliye tumboni. Akishaacha kunyonya atakuja hapa. Atakuwa wako. Mumewe ameridhika."

Nilishika kisu. Niliuliza kwa nini.

"Mwanangu, Ramadhani tatu nimekaa nyumba hii. Hukuacha hata siku moja. Mwanamke wa umri wako." Aliendelea kumenya. "Sikutaka kukuuliza. Mungu hampi kila mtu. Si aibu."

Kwetu Kondoa, mwanamke aliye katika siku zake wakati wa Ramadhani hula jikoni, nyuma ya mlango. Kikombe cha uji kimefunikwa kwa sahani. Hakuna anayesema kitu, na hakuna asiyejua. Nilipokuwa msichana ndivyo Mama alivyojua kwamba nimekua. Kikombe changu kilikuwa nyuma ya mlango siku hiyo kabla sijatafuta maneno ya kumwambia. Amesoma nyumba nzima kwa vikombe vyake maisha yake yote. Kwangu, miaka mitatu, hakuona kikombe. Mimi nilidhani kufunga mfululizo ni jambo langu na Mola wangu. Kumbe nilikuwa namwandikia Mama kwa herufi kubwa, naye amesoma, akalia peke yake huko Kondoa, kisha akanitafutia mtoto.

Sikukasirika. Nilitarajia kukasirika na hasira haikuja. Kilichokuja ni kile nilichokihisi mbele ya kioo cha altrasaundi. Rehema atanipa mtoto wake. Hakuulizwa mara ya pili. Huenda alikubali kwa simu huku anasonga ugali. Nimejipima kwa uaminifu niwezavyo: mimi nisingeweza.

Adhana iliniokoa na jibu.


Jumapili, 22 Februari

Nimemwambia.

Tuliketi mkekani baada ya adhuhuri. Nilieleza kijiti kama ninavyoeleza kwenye mikutano ya kijiji, kwa mikono, bila istilahi. Nikamwonyesha kovu. Alilipapasa kwa kidole gumba. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, lakini yeye alitaka kujua ukubwa wake. Nikamvunjia njiti ya ufagio kwa kipimo. Aliigeuzageuza.

"Kitu hiki," akasema. "Kimezuia watoto wote hao."

Kisha akauliza kilitoka lini. Nikasema Januari.

"Basi siku ziko wapi?"

Nikashusha mkono wa gauni juu ya kovu.

"Shangazi yako Mariamu alikauka akiwa na umri kama wako," akasema kwa upole. "Na hakuwa na kijiti."

Usiku nimekuwa nikizifikiria hoja zetu mbili. Yangu: kijiti kilizuia hedhi, kimetoka, itarudi. Yake: nilikauka, na kijiti kilikuwepo tu. Kila nilichokiona mpaka leo kinakubaliana na zote mbili. Kijiti ndani, hakuna damu. Kijiti nje, hakuna damu. Mwanafunzi angeniletea hoja yangu bila ushahidi zaidi ya huo, ningemrudishia. Yake angalau ina Shangazi Mariamu.

Nilimwomba ampigie Rehema, amwambie tusubiri. Alikataa.

"Tusimwambie kitu kwanza. Asije akabadili moyo, ukakosa huku na huku."

Mtoto yuko katikati yetu sasa, hajazaliwa, hajui. Nikikosea, ama nitamchukua mtoto wa mtu pasipo haja, ama nitaikataa zawadi ambayo haitarudi tena.


Alhamisi, 26 Februari

Nimefunga. Kila siku nafunga. Sikuwahi kufikiri ningeliandika neno hilo kwa huzuni.

Rehema alipiga simu.

"Dada, unapenda jina gani?"

Nilisema ni mapema mno.

"Au wangu humtaki?"

"Sijasema hivyo, mdogo wangu."

"Nimeshamwambia atakuwa na mama wawili. Mmoja wa kumchapa, mmoja wa kumsomesha." Akacheka. Nyuma yake nikawasikia wanawe wengine wanagombania kitu. "Wewe usijali," akasema. "Nimeshajizoeza."

Hilo neno, nimeshajizoeza. Nilijiona mwizi.


Jumapili, 1 Machi

Idrisa aliporudi kutoka tarawehe nilimweleza yote, hata lile la kwamba huenda Mama yuko sahihi. Alisikiliza akiwa bado amevaa kofia.

"Tukipata wetu, Alhamdulillahi," akasema. "Akija wa Rehema, tutamlea. Sioni tatizo."

Nikamwambia tatizo ni kwamba mtoto wa Rehema ana mama. Tatizo ni kwamba atapewa mtu kwa sababu ya hitimisho, na mahitimisho mimi nayajua yanavyotengenezwa. Watu huona kigingi, wanadhani chini yake kuna maji.

Idrisa akavua kofia. "Nilikuwa nakupa moyo," akasema. "Sikujua kama ni mtihani."

Nilimwomba radhi. Ni mwema. Usiku huu ananiogopa kidogo na nastahili kuogopwa.

Sasa kidonge cha foliki nakimeza wakati wa daku. Leo nilikishika kiganjani, nikajiuliza namdanganya nani. Nimekimeza.


Ijumaa, 6 Machi

Kiuno kiliuma tangu adhuhuri. Nilidhani ni barabara. Jana tulikuwa Bahi tena na Mzee Yohana haruki shimo hata moja.

Jua lilipoanza kushuka nikaenda kutawadha. Damu.

Kidogo, ya hudhurungi, kisha nyekundu kabisa. Nilishika ukuta. Nilikuwa nimesahau rangi yake. Nimesoma biolojia, najua kila hatua, ningeweza kuichora ubaoni. Haikunisaidia. Mwili wangu ulikuwa umetunza kumbukumbu yote hii, bila mwanga, bila kuangaliwa na mtu, na umeanza pale ulipoachia. Ni nani aliyeukumbusha? Nilikaa ukingoni mwa ndoo.

Wanawake wote ninaowajua hulalamika ikiwajia saa hiyo. Umeshinda na kiu mchana kutwa, adhana iko karibu kulia, swaumu inabatilika mlangoni. Siku yote inageuka deni. Asha huita saa ya uonevu. Mimi nilikuwa nacheka bafuni peke yangu, mkono mdomoni.

Nilijisitiri, nikaenda jikoni. Mama alikuwa anaepua kaimati, amenipa mgongo. Redioni kisomo kilikuwa kinaendelea, adhana bado. Sikupata maneno. Nilichukua kaimati moja ya moto sahanini, nikaitia mdomoni, nikatafuna.

Aligeuka kutia nyingine sahanini.

"We Saida, adhana ba..."

Alinitazama mdomo. Kisha macho. Kijiko chenye matundu kilikuwa hewani, kinadondosha mafuta sakafuni, na hajawahi kudondosha mafuta sakafuni. Niliendelea kutafuna. Shira ilinitiririkia kidevuni.

Alizima jiko. Akakaa juu ya kigoda, akafunika uso kwa upindo wa khanga. Mabega yake yalitikisika muda mrefu. Alipofunua uso alikuwa Mama yule yule.

"Kunywa na maji," akasema. "Itakukwama."

Nikanywa maji mbele ya mama yangu, jua lingali juu ya paa za Miyuji.


Jumamosi, 7 Machi

Hawakuniamsha daku. Nilisikia vijiko na sauti ya Idrisa ikinong'ona, nikalala tena.

Nilipoamka jua lilikuwa limetoka. Jikoni, nyuma ya mlango, kikombe cha uji kimefunikwa kwa sahani. Umetiwa pilipili manga na asali ya Kondoa. Nilikunywa nimesimama.

Mama alikuwa uani anazungumza na Rehema kwa Kirangi, kwa sauti ya watu wasioamini kwamba simu inafika. Nilimsikia akisema mtoto wako ni wako, mwanangu, dada yako yuko katika siku zake. Kisha akasikiliza. Kisha akaniletea simu.

Rehema alikuwa analia au anacheka. Sikuweza kutofautisha.

"Ungempa kweli?" nilimuuliza.

"Ningekupa." Akavuta pumzi. "Ningeumwa mwaka mzima, ila ningekupa. Jina utoe wewe, hilo sirudishi."

Nimesema nitatoa.

Damu hii si mtoto. Haithibitishi kwamba nitampata. Imejibu swali moja, na kwa uhakika ambao bado sijui kuupima. Mwezi ujao huenda isije, na nitaanza upya kujiuliza ni habari njema au mbaya. Kazini Jumatatu nitakunywa chai yangu ndani ya stoo na Asha atajua.

Kidonge cha foliki, mchana kweupe, na funda la mwisho la uji.

Nina deni la jana na la leo. Nimekiosha kikombe, nimekirudisha nyuma ya mlango kwa ajili ya kesho.